Taa za IST zimekuwa njano? Zisugue mwenyewe nyumbani

Gari za Kijapani za miaka ya 2000, IST, Spacio, Vitz na ndugu zao, zikilala juani miaka kadhaa taa za mbele zinageuka njano, usiku unawasha fulu na bado unaona barabara kama umeshika tochi ya betri zilizochoka. Ile sio kioo bwana, ni plastiki, kiwandani ilipakwa ngozi nyembamba ya kuzuia jua na hiyo ngozi ndo iliyokufa.

Kwanza lowesha taa. Ukiona imekuwa safi halafu ikikauka ukungu unarudi, ujue ugonjwa uko nje, utapona. Kama kuna jasho kwa ndani, msasa hausaidii, hapo huenda maji yanapenya mahali.

Nunua msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, masking tepu, spiriti na kopo la klia ya gari, yaani rangi ya kupuliza isiyo na rangi inayolinda juu, na usome kopo, liwe linazuia UV, ile mionzi ya jua. Vanishi ya mbao usijaribu.

Osha taa kwa sabuni, zungushia tepu mara mbili. Mi nilijifanya mkono wangu hautetereki, nikakwangua rangi ya boneti, mpaka leo pale nimebandika stika.

Ikiwa imebabuka anza na 800, njano ya kawaida anza na 1000. Sugua kwa mlalo, maji yasikauke, mwanzo yatatiririka ya njano, endelea mpaka yawe meupe kama ya kuoshea mchele. Hapa wengi wanashtuka maana taa inakuwa na ukungu kuliko mwanzo, we tulia. Ya 1500 sugua wima ili uone mikwaruzo ya mwanzo ikipotea, 2000 rudi mlalo. Kila taa ipe nusu saa, bega litalalamika tu.

Sasa ule ujanja wa watu wa kusugua taa kwa dawa ya meno. Inang'arisha kweli, sibishi, ila umeng'oa ngozi ya zamani na hujaweka nyingine, kwa jua la Dar hata mwaka hauishi kabla manjano hayajarudi. Dawa ya mbu ya kupaka ndo balaa kabisa, ile inayeyusha plastiki juujuu, inapendeza kwenye picha halafu baadaye inakuwa hovyo. Petroli na thina pia weka mbali, plastiki inapasuka nyufa ndogondogo.

Kwa hiyo klia usiiruke, na kama unapuliza klia wala usipige polishi, ile mikwaruzo ya 2000 klia inaijaza yenyewe na inashika vizuri. Futa kwa spiriti, acha ikauke, funika boneti na bampa kwa magazeti. Fanya asubuhi kabla upepo haujaanza, mwagia uwanja maji vumbi litulie. Simama sentimita 20 hadi 25, mkono wa kwanza mwepesi kama umande, subiri dakika 10, kisha miwili mizito kidogo. Kama ni klia ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), vaa maski ya wapiga rangi, barakoa ya kitambaa haizuii ile sumu. Tepu itoe klia ikiwa bado mbichi kidogo, ukichelewa inang'oka na kipande. Isiguse maji saa 24.

Usiku paki mbele ya ukuta uwashe. Mwanga bado hafifu? Badili balbu, na ukiona bado, chungulia kile kisahani cha rangi ya fedha kinachorudisha mwanga ndani ya taa, kikiungua hakuna msasa wa kukifikia, hapo tafuta taa nyingine.