Namna ya kuendeleza katuni ya mfululizo ya zamani bila kumuua mhusika

Mwongozo huu ni wa mchora katuni aliyekabidhiwa mhusika wa mtu mwingine. Mwasisi amestaafu au ametangulia mbele ya haki, na mhariri anataka mhusika arudi ukurasani wiki ijayo. Si kazi ngeni kwetu. Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru, aliyewachekesha wasomaji wa jarida la Sani miaka ya 80, aliendelea kuchorwa na mikono mingine baada ya Ndunguru kufariki. Marekani, Gasoline Alley iliyoanzishwa na Frank King mwaka 1918 imepita mikono kadhaa, na tangu 1986 inachorwa na Jim Scancarelli.

Wengi wanaopewa kazi hii hukimbilia sura: pua, kofia, kitambi. Pua unaweza kuigiza kwa jioni moja. Kinachomfanya msomaji wa zamani aseme "huyu siye" ni mapigo ya hadithi na mwandiko wa maneno, na huko ndiko muda wako mwingi utakakokwenda.

Hatua ya 1: Jua mali ni ya nani

Tanzania (sheria ya 1999) na Kenya (sheria ya 2001), hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo katuni nyingi unazozipenda bado zina mwenyewe. Kenya, mchoro uliofanywa kazini kwa kawaida huhesabiwa wa mwajiri, mkataba usiposema vingine. Usikisie. Ongea na gazeti, ongea na familia, pata ruhusa kwa maandishi, kisha peleka nakala COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya).

Uliza pia mwasisi alitaka nini. Familia ya Charles Schulz, mwasisi wa katuni ya Peanuts, ilikubaliana kwamba hakuna mwingine atakayechora Peanuts mpya za magazetini, na ya mwisho ilitoka 13 Februari 2000, siku moja baada ya kifo chake. Hergé, mwasisi wa katuni ya Tintin, naye hakutaka mhusika wake aendelezwe. Kama jibu ni hilo, funika kidau cha wino na ufanye hatua ya 2 na ya 3 tu. Kuhifadhi ni kazi kamili.

Hatua ya 2: Kusanya magazeti

Anza na maktaba: chumba cha East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au McMillan jijini Nairobi kwa magazeti ya Kenya. Kisha nenda majumbani. Mzee aliyekuwa akisoma Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru, au Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, huenda ana fungu chini ya kitanda.

Karatasi ya gazeti ina asidi yake yenyewe, hugeuka njano na kuvunjika kwenye mikunjo. Ishike kwa mikono mikavu, ilaze bapa, na usibandike selotepu hata kidogo, kwa sababu gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Usiipitishe kwenye mashine ya lamineshi pia. Usikate katuni peke yake. Habari za pembeni ndizo zitakazokueleza baadaye kwa nini mhusika alikuwa kwenye foleni ya sukari siku ile.

Tafuta wiki nzima zilizofuatana, hata kama baadhi ya katuni ni dhaifu. Ukikusanya zile nzuri tu hutajua mwasisi alikuwa akipumzika wapi.

Hatua ya 3: Skani

Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kabla ya kufunga skana. Gazeti ni jembamba, na ukiweka nyeupe, maandishi ya upande wa pili yatajitokeza ndani ya uso wa mhusika. Nyeusi hufanya ukurasa wote uwe kijivu kidogo, lakini kijivu hicho utakiondoa kwa urahisi.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, hata kama katuni ni nyeusi na nyeupe: njano ya karatasi itakusaidia kutenganisha uchafu na wino. Hifadhi nakala mama kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na usiiguse tena. JPEG, faili ndogo iliyobanwa, ni ya kumtumia mtu kwa WhatsApp. Jina la faili lianze na mhusika, kisha mwaka, mwezi, siku na ukurasa, ili kompyuta izipange yenyewe.

Kusafisha kufanyike kwa mkono. Kitufe cha programu kinachosafisha chenyewe kinakula mistari myembamba, na mara nyingi mstari mwembamba ndio nyusi.

Hatua ya 4: Tengeneza daftari la mhusika

Chagua kipindi kimoja. Mhusika wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa ishirini ni ndugu tu, na ukiwachanganya utapata mtu wa tatu asiyejulikana. Kisha jaza kurasa: mikono peke yake, migongo, namna anavyokaa, urefu wake kwa kuhesabu vichwa. Angalia mstari unapanuka wapi, maana hapo utajua kama ilikuwa brashi, kalamu ya kuchovya au kalamu ya mrija. Schulz alitumia nibu (ncha ya kalamu ya kuchovya) ya Esterbrook 914, na kampuni ilipoacha kuitengeneza akanunua akiba iliyobaki. Chombo hubeba nusu ya sura.

Makosa ya mwasisi yaache. Kama alichora vidole vinne, chora vinne.

Sasa mwandiko. Nakili herufi zake zote, pamoja na alama ya mshangao, pima nafasi kati ya mistari, ona mkia wa kiputo cha maneno unavyopinda kuelekea mdomoni. Fonti ya kompyuta ndani ya kiputo cha mwaka 1972 huonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Hatua ya 5: Sikiliza mapigo

Chukua katuni za wiki kadhaa, funika fremu ya mwisho na ubahatishe itakuwaje. Utaanza kupatia. Hesabu maneno kwa kila fremu. Andika ni fremu ipi huwa kimya, nani husema mwisho, na mhusika anaumbuka kwa kosa lake au kwa hila ya mwingine. Orodhesha na mambo asiyoyafanya kamwe: pengine hakopi kwa mwanamke, pengine haombi radhi. Orodha hiyo ina thamani kuliko michoro yote ya hatua ya 4.

Hatua ya 6: Mlete leo, kwa kiasi

Amua kama atazeeka. Gasoline Alley waliruhusu watu wao wakue, na Skeezix, mtoto aliyeachwa mlangoni Februari 1921, akaja kuwa mzee. Wengine wamebaki na umri uleule. Njia zote zinafaa, ila chagua moja.

Mchoraji Olivia Jaimes alipoichukua katuni ya Nancy mwaka 2018 alimpa Nancy simu, na ulafi wa mtoto yule ukabaki palepale. Hivyo ndivyo. Kama jamaa yako alikuwa akimkwepa mwenye duka, leo mwache atume ujumbe wa kukopa na kuongeza "weka na ya kutolea". Bugaluu yake usimvue.

Vichekesho vya kumpiga mke au kudhihaki kabila la mtu utavikuta. Katika kitabu kinachochapa upya katuni za zamani viache na tarehe yake, usivifute kimyakimya. Katika kazi mpya usiviendeleze, hata mhariri akikuomba.

Hatua ya 7: Utaratibu wa wiki

Chora kwa penseli ya buluu hafifu, kisha herufi, kisha wino. Herufi zikitangulia hutabanwa na nafasi. Uwe na akiba ya wiki mbili mbele, kwani malaria haina habari na ukurasa wa mwisho. Saini jina lako kwa udogo chini ya jina la mwasisi, isipokuwa familia imeomba vingine, na nyuma ya kila mchoro halisi andika tarehe ya kuchapwa kwa penseli kabla hujaulaza kwenye boksi.