Jinsi ya kupima ubaguzi dhidi ya wagombea wanawake redioni na magazetini

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Kikundi cha watu sita wa Nakuru, Kisumu au Kakamega kinaweza kuanza sasa kupima jinsi vyombo vya habari vinavyowatangaza wanawake wanaowania viti. Mhariri akiambiwa tu kwamba kituo chake kinawadharau wanawake, atajitetea na mazungumzo yataishia hapo. Akiwekewa mezani maswali yote yaliyoulizwa kwenye kipindi chake, yale ya mwanamke upande mmoja na ya mwanamume upande wa pili, hana budi kuyasoma.

Chagueni kiti kinachowaniwa na wanaume na wanawake: ugavana, useneta, ubunge au wadi. Kiti cha mwakilishi wa kike kiwe na ukurasa wake. Viti hivyo 47 huwaniwa na wanawake pekee, kwa hiyo hakuna mwanamume wa kulinganisha naye, na mkivichanganya na vingine dakika za wanawake zitaonekana nyingi huku ubaguzi ukijificha ndani ya jumla. Kosa hili ndilo huharibu hesabu nyingi. Angalieni pia aliye madarakani. Nakuru ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana mwaka 2022, na Homa Bay ikamchagua Gladys Wanga. Gavana yeyote hutajwa kila siku kwa sababu ya ofisi yake, awe anafungua soko au anaulizwa kuhusu dawa hospitalini. Gavana mwanamke mlinganisheni na gavana mwanamume wa kaunti nyingine. Mpinzani anayeanza siasa si kipimo chake.

Vyombo vinne vinatosha: redio ya Kiswahili, redio ya lugha ya nyumbani, gazeti, na ukurasa wa habari unaosomwa sana mtandaoni. Redio ya lugha ya nyumbani msiiache, iwe ya Dholuo, Kiluhya, Kikuyu au Kikalenjin. Anayeisikiliza awe amekulia katika lugha hiyo, kwa sababu kejeli nyingi hupitia kwenye methali na majina ya utani, na asiyeijua vizuri atazisikia kama mzaha wa kawaida.

Sikilizeni siku 14 mfululizo: kipindi cha asubuhi kuanzia saa 12 hadi saa 4, taarifa ya saa 7 mchana na ile ya saa 1 jioni. Rekodini kila kitu, maana simu za wasikilizaji zikishapita hewani huenda msizipate tena. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, hivyo saa tano kwa siku kwa wiki mbili ni kama gigabaiti 2 kwa kituo. Kadi ya gigabaiti 8 inatosha redio zote mbili. Kila faili ipewe jina lenye kituo, tarehe na saa siku ileile; mkingoja hadi mwisho wa wiki hamtajua ipi ni ipi.

Kwenye lahajedwali, kila habari ipate mstari wake: tarehe, saa, kipindi, mgombea, kiti, mada, maswali yaliyoulizwa, na namna alivyotambulishwa. Kisha wekeni safu mbili za sekunde, moja ya muda aliozungumziwa, nyingine ya muda ambao sauti yake mwenyewe ilisikika. Tofauti ya safu hizi ina mengi ya kusema: mwanamke anaweza kujadiliwa dakika kumi na wanaume watatu studioni, naye asisikike hata sekunde moja. Matangazo ya kulipia yaandikwe kando, maana hayo hupima mfuko wa mgombea.

Kabla ya kuanza, watu wawili wajaze mistari ya habari 10 zilezile bila kuonana. Wakitofautiana katika zaidi ya mbili, maelezo ya safu hayaeleweki. Yaandikeni upya mjaribu tena.

Safu ya maswali ndiyo yenye utajiri. Chukueni kila swali aliloulizwa mwanamke, badilisheni jinsia, mlisome kwa sauti: “Mheshimiwa, watoto unawaachia nani ukiwa kwenye kampeni?” Likisikika la ajabu kwa mwanamume, litieni alama. Fanyeni vivyo hivyo kwa vitenzi. Mwanamume “alionya” na “alisisitiza”, mwanamke kwa maneno yaleyale “alifoka” au “alilalama”. Angalieni anayetajwa kwa ubini na anayeitwa kwa jina la kwanza, na ni mavazi ya nani yameelezwa. Habari inayoshangaa kwamba mwanamke anawania pia itiwe alama: wapiga kura wa Kisumu walimpeleka Grace Onyango bungeni mwaka 1969.

Kuna swali moja ambalo katika maeneo yetu linahitaji safu yake kabisa: ameolewa wapi? Mwanamke akiwania alikozaliwa, huambiwa aende kwa mumewe. Akiwania alikoolewa, huambiwa ni mgeni. Joyce Laboso alirushiwa maneno hayo Bomet mwaka 2017 kwa kuwa mumewe alikuwa Mjaluo, lakini akashinda ugavana. Mpinzani ana haki ya kusikika akilisema, na mwanahabari anaweza kuliripoti. Andikeni kilichofuata: je, mtangazaji alisema kwamba Katiba haimzuii mtu kuwania kwa sababu ya ndoa yake, au aliliacha likapita kama hoja halali? Hivyo hivyo kwa simu za wasikilizaji. Kituo hakiwezi kujua mpigaji atasema nini, ila mtangazaji ana nafasi ya kumkatiza, kumrekebisha au kucheka naye. Andikeni alichofanya. Kwetu, kicheko hicho ni kosa la kituo.

Mkimaliza, nendeni kwanza kwa mhariri na ukurasa mmoja wa hesabu pamoja na rekodi tatu zilizo wazi kuliko zote. Kama kuna uongo uliotangazwa, Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa mhusika haki ya kutaka urekebishwe au uondolewe, kwa hiyo barua ya kudai hivyo aitie saini mgombea mwenyewe. Kituo kikikaa kimya, pelekeni lalamiko kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, mkitaja kituo, kipindi, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Katika ripoti ya kusomwa na umma, semeni aina ya tusi na idadi yake, bila kulinukuu. Mkilichapisha, nanyi mtakuwa mmelisambaza.

Baada ya wiki sita pimeni tena saa zilezile kwa safu zilezile. Mkigundua safu mpya nzuri katikati ya kazi, ifungulieni ukurasa mwingine, la sivyo hesabu mbili hazitalinganishika.