Namna ya Kuandaa Dawa ya Stroberi kwa Wageni Kumi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumwelekeza kwa simu mdogo wangu, aliyekuwa akijiandaa kupokea wageni kumi wa Krismasi. Kinywaji chenyewe ni dawa, ile kokteli ya Nairobi ya vodka, ndimu na asali, ambayo mimi huiongezea stroberi.

Tayarisha gramu 500 za stroberi zilizoiva, mililita 250 za maji ya ndimu, mililita 200 za asali, vijiko viwili vya sukari, vodka, mnanaa, maji ya soda na barafu ya kutosha.

Hatua ya 1: Stroberi

Zioshe kabla ya kung'oa vikonyo, kwani zikishakatwa hunywa maji na ladha yake hupooza. Zikate vipande vinne vinne, zinyunyizie sukari, kisha uziache kwa dakika 45 hadi zitoe maji yake zenyewe, ndipo uziponde kwa mchi wa mbao. Blenda siipendekezi hata kidogo, kwa sababu huingiza hewa, hujaza povu na husaga mbegu, nazo huacha ukakasi mdomoni.

Hatua ya 2: Asali

Hapa ndipo nilipopoteza takriban saa mbili mwaka juzi. Nilimimina asali moja kwa moja kutoka kwenye chupa hadi ndani ya jagi lililojaa barafu, nikidhani kwamba kukoroga kungetosha. Asali ikikutana na baridi huwa nzito kama gundi. Ilizama, ikashikamana na barafu, na mwiko haukuifanya lolote. Wageni wa kwanza walikunywa ndimu tupu, na wa mwisho wakapata uji wa asali. Nilipoliweka jagi ndani ya maji ya moto ili kuokoa hali, barafu iliyeyuka kabla ya asali, nikabaki na maji yenye harufu ya vodka.

Mikahawa huikwepa shida hii kwa kumpa kila mgeni kijiti kilichochovywa katika asali, akoroge mwenyewe kadiri apendavyo utamu. Njia hiyo ni nzuri kwa watu wawili au watatu, lakini katika shughuli ya watu kumi utashinda ukiokota vijiti vinavyonata kwenye viti. Nyumbani, changanya vipimo viwili vya asali na kipimo kimoja cha maji ya moto, yaani mililita 100 kwa asali tuliyoitaja, kisha ukoroge hadi iwe laini na uiache ipoe kabisa. Usiichemshe, maana harufu yake hupotea. Asali iliyoganda chembechembe haijaharibika. Itumbukize chupa yake katika maji ya uvuguvugu na itarejea hali yake. Asali nyeusi yenye ladha ya moshi huifunika stroberi, kwa hiyo mimi huchagua nyepesi, na huionja kabla ya kununua ikiwa muuzaji ataniruhusu.

Hatua ya 3: Ndimu

Zikamue siku hiyohiyo. Maji ya ndimu ya chupa hayafai.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Tia stroberi, ndimu na asali katika jagi moja, ukoroge, kisha uliweke kwenye friji. Vodka siitii ndani ya jagi, kwa kuwa katika familia yetu wapo wasiokunywa pombe na wapo watakaoendesha gari, na jagi likishatiwa pombe haliwafai tena. Watoto nao wanaweza kunywa mchanganyiko huo, isipokuwa wale ambao hawajatimiza mwaka 1, ambao hawapaswi kupewa asali.

Hatua ya 5: Kuandaa mezani

Jaza barafu katika glasi, wala si katika jagi. Mimina mililita 100 za mchanganyiko, mililita 50 za vodka kwa anayeitaka, kisha umalizie kwa maji ya soda. Majani ya mnanaa yapige mara moja kati ya viganja kabla ya kuyaweka juu, ili yatoe harufu bila kutoa uchungu.