Kuonja mvinyo wa mikoa ya Ufaransa kwenye joto la Mtwara na Lindi

Aliyewahi kutafuna bibo ambalo halijaiva vizuri, ulimi ukakauka na mashavu yakavutana, tayari anajua nusu ya kazi ya kuonja mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Ukakasi wa bibo na ukakasi wa ganda la zabibu ni ndugu. Vyote vinaletwa na tanini, zinazoshikana na protini za mate hadi mate yanapoteza utelezi. Uchachu nao tunaujua kwa ukwaju na embe bichi. Kwa ulimi, basi, watu wa kusini hatujapungukiwa. Kinachotuharibia mvinyo ni joto, na ndiyo maana tunaanza nalo.

Joto kabla ya yote

Mvinyo hutunzwa vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 14. Chumba cha kawaida Mtwara mjini au Lindi huwa nyuzi 28 na zaidi kwa miezi mingi. Chupa iliyokaa humo wiki kadhaa huzeeka haraka: harufu safi ya tunda inapotea, inabaki harufu ya jemu iliyopikwa kupita kiasi. Safari nayo ina madhara yake. Ukiagiza chupa kutoka Dar es Salaam, hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na buti ya basi saa sita mchana ni tanuri. Mvinyo ukipata moto hutanuka na kusukuma kizibo. Agiza kwa basi la usiku, au chupa ziwekwe kwenye deli lenye barafu na zisafiri ndani, zisiwekwe kwenye buti.

Dukani, pitisha kidole juu ya chupa. Kizibo kikiwa kimechomoza kuliko ukingo, au kukiwa na michirizi inayonata chini ya ganda linalofunika shingo ya chupa, rudisha. Chupa za kioo cheupe, hasa za rozee (mvinyo wa rangi ya waridi), usizichukue kama zimepangwa kwenye dirisha linalopigwa jua, kwa kuwa mwanga peke yake huzipa harufu ya kabichi iliyochemshwa.

Wengi hukosea kwa kufuata ushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumbani". Ushauri huo ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Kwenye nyuzi 29 kilevi hupanda puani kwanza na kufunika kila kitu, na Bordeaux nzuri itakuonekea kama mchuzi uliokosa chumvi. Mwekundu mzito uandae kwa nyuzi 16 hadi 18, mwekundu mwepesi 12 hadi 14, mweupe wenye uzito 10 hadi 13, mweupe mwepesi na wenye mapovu 8 hadi 10.

Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, pamoja na viganja viwili vya chumvi. Maji ni ya lazima, kwa sababu barafu peke yake huacha nafasi za hewa na haiigusi chupa yote. Mweupe uliotoka kwenye joto la chumba utahitaji dakika 25 hadi 30, mwekundu dakika 10 hadi 12. Kwa friji, mweupe saa 3, mwekundu dakika 45 hadi saa nzima. Friza iache: ukisahau, mvinyo utaganda na kupasua chupa. Anza nyuzi 2 chini ya kipimo unachotaka, kwa maana glasi itapata joto yenyewe mkononi.

Wapo wanaotumia mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga wenye maji. Unafanya kazi vizuri zaidi Newala na Masasi, na hasa siku za ukavu. Pwani hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka, na mtungi hauwezi kushusha joto vya kutosha.

Chumba na glasi

Zima feni au isogeze, kwa sababu inapeperusha harufu kabla haijafika puani. Chumba kilichofukizwa udi asubuhi hakifai hadi kesho yake. Marashi, sabuni ya mikono yenye harufu na jiko la kukaangia samaki navyo viwe mbali. Glasi iwe nyembamba, yenye tumbo pana na mdomo uliobana, na uisuuze kwa maji matupu. Kwa unyevu wa pwani, glasi yenye mvinyo baridi hupata ukungu nje mara moja. Ifute kwanza kwa kitambaa cha pamba, ndipo uangalie rangi.

Mimina mililita 50 kwa mtu. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo 15, kwa hiyo watu 8 wataonja wote na kubaki na kiasi cha kula nacho. Weka ndoo ya kutemea. Kutema ni sehemu ya kazi yenyewe: chupa sita zenye kilevi cha asilimia 12 hadi 14, ukizimeza zote, ya nne hutaisikia sawasawa. Na atakayerudi nyumbani kwa pikipiki ateme kila tone.

Vikombe vinne vya mazoezi

Kabla ya kufungua chupa ya gharama, fundisha ulimi kwa vitu vya jikoni. Kikombe cha kwanza: maji mililita 250 na vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu. Cha pili: maji matupu mililita 250 na vijiko 2 vya chai vya sukari. Cha tatu: majani ya chai vijiko 2 kwenye mililita 200 za maji ya moto, yaache dakika 10, chuja, yapoe, bila sukari. Cha nne: changanya nusu ya kikombe cha kwanza na nusu ya cha pili.

Cha kwanza kitakutiririsha mate chini ya ulimi, na wingi wa mate hayo ndio kipimo cha uchachu. Cha tatu kitakausha fizi za juu. Hapo wanaoanza huchanganya ukakasi na uchungu. Uchungu ni ladha, unausikia kwenye ulimi. Ukakasi ni mguso, unausikia kwenye fizi na mashavu, na msimu wa korosho unaweza kuupima kwa kuuma bibo bichi kidogo. Cha nne kinaonyesha jinsi utamu unavyoficha uchachu, na hilo litakusaidia ukifika kwenye mvinyo mtamu wa Loire.

Namna ya kuonja

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame rangi ya ukingo. Mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau, uliozeeka una ukingo wa rangi ya tofali. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha na unuse tena. Piga funda la kama mililita 10, litembeze mdomoni sekunde 5 hadi 8, vuta hewa kidogo kupitia midomo, tema. Halafu hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Chini ya 5 ni fupi, zaidi ya 15 ni ndefu sana. Andika kabla hujamsikia jirani yako anasema nini, maana harufu ikishatajwa na mtu mmoja, meza nzima huanza kuisikia.

Mikoa kwa ulimi wa kusini

Lebo ya Kifaransa mara nyingi hutaja mahali, haitaji zabibu. Mfumo huo wa majina ya mahali yanayolindwa na sheria ulianzishwa kitaifa mwaka 1935. Alsace ndiyo inayokurahisishia, kwani huandika jina la zabibu waziwazi kwenye chupa yake ndefu nyembamba.

Anza na Muscadet, kutoka bonde la mto Loire karibu na Bahari ya Atlantiki. Ni mwepesi, una limau na kitu kama chumvi, na chupa zilizoandikwa "sur lie" zimekaa juu ya mashapo ya hamira, kwa hiyo zina harufu ndogo ya unga uliochachuka. Kwa pweza wa kuchoma na ngisi hatujaona mvinyo unaouzidi. Sancerre, juu zaidi kwenye mto uleule, kama ni mweupe umetokana na zabibu ya Sauvignon Blanc: nusa mapera, pasheni na majani yaliyofyekwa sasa hivi. Vouvray ni ya Chenin Blanc, na hapa soma lebo: "sec" ni mkavu, "demi-sec" una utamu kidogo, "moelleux" ni mtamu kweli.

Alsace inastahili muda. Riesling yake ni ndimu na maua, na ikizeeka hutoa harufu inayokaribia mafuta ya taa. Usimwage, si kasoro. Gewürztraminer ni waridi, tangawizi na shokishoki, harufu inayomshika hata asiyewahi kuonja mvinyo. Uchachu wake ni mdogo, kwa hiyo ukipata joto unachosha. Uweke kwenye nyuzi 8, uuonje mwisho wa mieupe, kisha uulete mezani na samaki wa kupaka: nazi na viungo vinaupokea vizuri.

Burgundy ina zabibu mbili kubwa. Chardonnay ya Chablis, kaskazini kwenye baridi, ni kali na safi kama tufaha la kijani. Ile ya Meursault, iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni, ina siagi na harufu inayokumbusha korosho zinapotolewa motoni. Nyekundu ya Burgundy ni Pinot Noir: rangi hafifu, ukakasi kidogo, stroberi, na kwa iliyozeeka uyoga na udongo uliolowa. Rangi hafifu isikudanganye kwamba ni dhaifu.

Beaujolais, jirani wa kusini, hutumia Gamay. Ndio mwekundu tunaoupendekeza zaidi kwa pwani, kwa kuwa ukakasi wake ni mdogo na unakubali kupozwa hadi nyuzi 12.

Rhône ni mbili. Kaskazini ni Syrah, na harufu yake ya pilipili manga haihitaji kutafutwa. Kusini, Grenache inaongoza: matunda yaliyoiva sana, viungo, kilevi hadi asilimia 14 au 15. Huo ni wa mishkaki, ila bila pilipili kichaa, kwa sababu kilevi kingi huuongeza moto wa pilipili.

Bordeaux uwe wa mwisho. Upande wa kushoto wa mto, Médoc, Cabernet Sauvignon ndiyo kubwa: zambarau nyeusi, vumbi la penseli, ukakasi mkavu. Upande wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, Merlot ni laini zaidi. Chupa changa ya Médoc imimine kwenye jagi saa moja kabla, ukiliweka jagi mahali pa baridi. Nyama yenye mafuta na chumvi hulainisha ukakasi wake. Usiuweke na jodari wala nguru: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huleta ladha ya shombo na msumari.

Champagne ina mgandamizo wa kama mara 6 ya hewa ya kawaida. Ipoze hadi nyuzi 8, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa. Korosho za kukaanga zenye chumvi zinaifaa sana, lakini zitolewe baada ya kuonja, kwa kuwa mafuta yake hufunika ulimi.

Ikiwa chupa inanuka vibaya

Harufu ya boksi lililolowa na kuvunda ni kizibo kilichoharibika, na hewa haiiponyi. Harufu ya kiberiti huenda ikaondoka ukizungusha glasi dakika chache. Siki, au harufu ya rangi ya kucha, ni bakteria waliokwisha kufanya kazi yao. Tufaha lililopondeka pamoja na rangi ya kahawia ni hewa iliyoingia, na kwa huku kwetu mara nyingi kiini chake ni kizibo kilichosukumwa na joto.

Kilichobaki kizibe na ukirudishe kwenye friji, hata kama ni mwekundu: mweupe na mwekundu siku 3 hadi 5, wenye mapovu siku 1 au 2. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usifungue mlango wa friji, na chupa iliyo wazi imalizwe jioni hiyohiyo au itiwe kwenye mchuzi.