Miche minne kati ya minne: modeli ya Kibayesi ya ngazi kwa anayechagua kitalu

Mwezi wa pili, masika yakiwa bado hayajaanza, kikundi cha akina mama wa upande wa Uru, juu ya Moshi mjini, kiliniletea daftari. Waliandika kila mche wa parachichi walioupanda msimu uliopita: umetoka kitalu gani, na kiangazi kilipokwisha ulikuwa umeshika au umekufa. Mashimo 300 mapya yalikuwa yameshachimbwa. Swali lilikuwa moja tu: wanunue wapi?

Mama mwenyekiti alikuwa na jibu tayari. "Mwanangu, yule kijana wa kule mgombani, miche yake haijafa hata mmoja. Twende kwake."

Ni kweli haikufa hata mmoja. Ila walikuwa wamenunua minne.

Hesabu ninayoonyesha hapa inafanyika kwenye Excel au jedwali lolote la kompyuta. Namba ni za mfano, nimezisawazisha ziingie kichwani kwa urahisi, na vitalu nimevipa majina ya utani.

Hatua ya 1: Andika idadi, asilimia ziache kwanza

Mgombani: imeshika 4 kati ya 4
Kanisani: 52 kati ya 60
Mlimani: 17 kati ya 20
Mtoni: 36 kati ya 50
Sokoni: 9 kati ya 15
Bondeni: 12 kati ya 25

Jumla ni 130 kati ya 174, yaani karibu asilimia 75. Ukikimbilia asilimia, Mgombani anapata 100 na Kanisani 87, na hapo hapo umeshasahau kwamba mmoja amepimwa kwa miche minne na mwenzake kwa sitini.

Hatua ya 2: Amua vitalu hivi vina undugu kiasi gani

Kuna njia mbili za haraka, na zote zina kasoro. Ya kwanza ni kumhukumu kila mwenye kitalu kwa data yake peke yake. Hapo kijana wa minne anakuwa mfalme. Ya pili ni kuchanganya wote na kusema kila kitalu ni asilimia 75. Hapo Kanisani anadhulumiwa na Bondeni anabebwa.

Modeli ya ngazi hupita katikati. Fikiria umeenda Mbuyuni kununua mkungu wa ndizi kwa mama usiyemjua. Mkungu wa kwanza ukiwa mzuri, humwamini moja kwa moja, wala humchukulii kama mgeni kabisa, maana wauza ndizi wa soko lile unawajua kwa ujumla. Unachanganya mawili: ulichokiona kwake, na unachokijua kuhusu wenzake. Kadiri unavyonunua kwake, habari za wenzake zinapungua uzito.

Ngazi ya chini ni miche ndani ya kitalu. Ngazi ya juu ni vitalu ndani ya kundi la vitalu. Kanuni yenyewe ya kusahihisha imani kwa ushahidi ni ya Thomas Bayes, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Na kwa wanaodhani kwamba kuazima habari kwa majirani ni ujanja wa mkato, mwanatakwimu Charles Stein alionyesha mwaka 1956 kwamba ukikadiria wastani wa vitu vitatu au zaidi kwa pamoja, ipo njia yenye makosa madogo kwa jumla kuliko kutegemea wastani wa kila kimoja peke yake. Wanatakwimu wenyewe walishtuka.

Hatua ya 3: Igeuze imani ya awali iwe miche

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu vitabu huanza na alama za Kigiriki. Mimi huigeuza imani ya awali kuwa miche ya kufikirika. Kabla sijaona data ya kitalu chochote, nakipa miche 12 ya bure: 9 imeshika, 3 imekufa. Tisa kwa tatu ni asilimia 75, sawa na kundi zima.

Kwa nini 12, si 100? Uzito huo unatokana na jinsi vitalu vyenyewe vinavyotofautiana. Vingekuwa vinafanana sana, ningeweka miche mingi ya kufikirika, kwa kuwa habari za jirani zingekuwa na thamani kubwa. Vingekuwa vimeachana kama mbingu na ardhi, ningeweka michache. Katika data hii tofauti ni ya wastani: vitalu vilivyopimwa kwa miche mingi vinatoka asilimia 48 hadi 87, na sehemu ya pengo hilo ni bahati tu.

Usiamini 12 yangu kabla hujaitikisa. Kwa hesabu ya hatua ya 4, weka 3 kwa 1 badala ya 9 kwa 3, na Mgombani anarudi kileleni kwa asilimia 87.5 dhidi ya 85.9 za Kanisani. Weka 30 kwa 10, naye anashuka hadi 77.3 dhidi ya 82. Uamuzi ukigeuka kwa sababu ya uzito uliouchagua, waambie wenye pesa. Kuwaficha ni uongo, hata kama hesabu ni sahihi.

Hatua ya 4: Jumlisha, kisha gawanya

Ongeza 9 kwenye iliyoshika na 12 kwenye jumla, basi.

Mgombani: 13 kati ya 16, asilimia 81
Kanisani: 61 kati ya 72, asilimia 85
Mlimani: 26 kati ya 32, asilimia 81
Mtoni: 45 kati ya 62, asilimia 73
Sokoni: 18 kati ya 27, asilimia 67
Bondeni: 21 kati ya 37, asilimia 57

Angalia nani amesogea. Kijana wa minne ameshuka hatua 19, Kanisani hatua 2 tu. Data kidogo huvutwa sana kuelekea kundi, data nyingi hujitetea yenyewe. Na kitalu kipya kabisa ambacho hujawahi kununua? Kinaanza na 9 kwa 3. Kutokuwa na historia si sababu ya kukipa sifuri.

Hatua ya 5: Weka shilingi

Makadirio peke yake hayajibu swali la akina mama. Tuseme bei ya mche uliobebeshwa ni 5,000 Kanisani, 4,500 Mlimani na Mgombani, 3,000 Bondeni. Ukigawanya bei kwa uwezekano wa kushika, Bondeni anaonekana rahisi kuliko wote: kama 5,290 kwa mche ulioshika, wakati Kanisani ni 5,900.

Ila mche unaokufa hauendi na bei yake tu. Unaondoka na shimo, debe la samadi, kibarua na maji uliyobeba kichwani. Weka 3,000 kwa kila shimo, kisha rudia. Sasa Mlimani na Mgombani ni kama 9,230 kwa mche ulioshika, Kanisani 9,440, na Bondeni amepanda hadi 10,570. Rahisi imekuwa ghali. Nimeona vikundi vikibishana bei ya mche nusu siku bila mtu hata mmoja kutaja gharama ya shimo.

Hatua ya 6: Uliza uwezekano wa kuumia

Mlimani na Mgombani wamelingana hadi senti, lakini hawalingani. Kikundi hiki kina mstari wake: ikishika chini ya robo tatu, lazima wakodi gari tena kwenda kujazia mapengo, na msimu unakuwa umeshapita. Kwa hiyo tunauliza: kiwango halisi cha kitalu kina uwezekano gani wa kuzidi asilimia 75? Kwa Kanisani andika hivi kwenye Excel:

=1-BETA.DIST(0.75,61,11,1)

61 ni iliyoshika pamoja na 9 ya kufikirika. 11 ni iliyokufa pamoja na 3. Jibu ni asilimia 98. Mlimani, kwa 26 na 6, anapata 82. Mgombani, kwa 13 na 3, anapata 76. Wastani uleule wa Mlimani, mashaka zaidi.

Anayeweza kumudu hasara ataangalia hatua ya 5. Asiyeweza aangalie hii.

Hatua ya 7: Ishuku modeli

Nilipomsomea mwenyekiti matokeo ya Bondeni, alicheka. "Ile tulipanda kule chini, ambako maji ya mfongo hayafiki kiangazi."

Mfongo ni mfereji wa kienyeji wa kumwagilia. Basi tulikuwa tunakihukumu kitalu kwa kosa la shamba. Modeli hii inadhani vitalu vyote vimepewa nafasi sawa, na data haikuwa hivyo. Dawa ni kuongeza safu moja kwenye daftari, shamba la juu au la chini, na kuiingiza kwenye modeli. Lakini kama Bondeni yote ilipandwa chini na hakuna kitalu kingine kilichopandwa huko, hakuna modeli duniani itakayotenganisha mwenye kitalu na ukame.

Jambo la pili: miche ya kitalu kimoja hushiriki udongo na maji. Kuoza kwa mizizi kwa parachichi kukiingia kwenye udongo wa viriba, hakuchukui mche mmoja mmoja. Usiweke oda yote mahali pamoja hata kama hesabu inakupendeza.

Hatua ya 8: Ukiwa tayari, hamia programu ya Stan au PyMC

Njia ya jedwali ina udhaifu: 9 na 3 nilizichungulia kutoka kwenye data ileile, kisha nikajifanya nina uhakika nazo. Modeli kamili inakadiria wastani wa kundi na utofauti wa vitalu pamoja na kila kitalu, na mashaka yote yanabebwa hadi mwisho. Stan, iliyotoka mwaka 2012 na kupewa jina la Stanislaw Ulam, inafanya hivyo, PyMC pia.

Kwa vitalu sita tu, data inajua kidogo sana kuhusu utofauti wenyewe, kwa hiyo upe imani ya awali yenye kiasi: kwenye kipimo cha logiti (logariti ya iliyoshika kugawanya kwa iliyokufa), nusu ya mgawanyo wa kawaida wenye upana wa 1 inatosha. Endesha minyororo minne, yaani hesabu ileile mara nne kila moja peke yake, na hakikisha R-hat, kipimo cha kama minyororo imekubaliana, iko karibu na 1. Programu ikilalamika kuhusu michepuko (divergences, dalili kwamba hesabu imepotea njia), usiipuuze. Mara nyingi tiba ni kuandika kila kitalu kama wastani wa kundi kujumlisha utofauti mara namba sanifu, badala ya kukikadiria moja kwa moja.

Oda iliyotoka mwisho ilikuwa 200 Kanisani, 80 Mlimani, na 20 kwa kijana wa mgombani, kwa sababu miche 20 ndiyo itakayotuambia yeye ni nani. Kila mche ulifungwa kamba ya rangi ya kitalu chake, na rangi zote tatu zikapandwa juu na chini.