Faiba ya kuvuta ndani ya nyumba, uchukue ipi?

Kama unataka kuvuta faiba (waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga) toka sebuleni mpaka ghorofani au kwenye banda la nje, we chukua singo modi tu (ile yenye njia moja ya mwanga), achana na malti modi (yenye njia nyingi), maana OM3, aina mojawapo ya malti modi, kwa spidi ya giga 10 kwa sekunde inaishia mita 300, ila singo modi baadae ukitaka spidi zaidi unabadili vifaa vya mwishoni tu waya haugusi. Soma maandishi kwenye ganda, tafuta G.657A2, singo modi inayokubali kupindwa, hiyo inavumilia kona yenye nusu kipenyo (radius) ya milimita 7.5, wakati G.652D, singo modi ya kawaida, inataka kama milimita 30, ukiibana kwenye kona ya ukuta mwanga unavuja na neti inaanza kusuasua huku waya unauona mzima kabisa.

Vichwa vya waya sasa, viko aina mbili: kijani ni APC, bluu ni UPC. Usichomeke kijani kwenye bluu hata kama kinaingia, cha kijani kimekatwa mshazari digrii 8, cha bluu hakina mshazari huo, havikutani vizuri. Nunua waya wenye vichwa vya kiwandani, mashine ya kuunganishia faiba ni hela ndefu, ila pima kwanza kama kichwa kitapita kwenye bomba la ukutani. Na kama ni chumba cha jirani tu, Cat6, ule waya wa shaba wa mtandao, inatosha jamani.