Una laki tano na pleya ya santuri, pesa ianzie wapi?

Swali linalonifikia sana ni la hivi: mtu ana pleya ya santuri, kaachiwa na mjomba ama kaiokota mtumba, kakusanya santuri zake za dansi na taarabu, sasa anataka sauti iwe nzuri zaidi na mfukoni ana kama laki tano, anunue nini? Na wengi wanakuja na jibu lao tayari, wanataka pleya nyingine. Mimi nasema pleya nyingine iwe mwisho kabisa kwenye foleni. Laki tano ukiiweka yote kwenye pleya unapata kitu cha kawaida tu kinachoingia kwenye spika zilezile na sindano ya kawaida, ila ukiigawa kuanzia kwenye sindano kurudi nyuma utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Lakini kabla hujatoa hata mia, angalia ulichonacho ni cha aina gani, manake kuna pleya zinazokubali kuboreshwa na kuna zisizokubali. Angalia mkono. Kama nyuma yake kuna kile kichuma cha mviringo kinachozungushwa kubadilisha uzito wa sindano juu ya santuri, na mbele katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, imefungwa kwa skrubu mbili ndogo, basi una kitu cha kufanyia kazi, hata kama plastiki imepauka na mfuniko umepasuka. Kama ni ile ya kisanduku cha mkononi yenye spika ndani, katriji yake mara nyingi ni ya seramiki na inakandamiza santuri kwa gramu 5 hivi wakati katriji ya kawaida inataka karibu gramu 2, hiyo usiitilie pesa, weka akiba. Halafu kuna za katikati kama Audio-Technica AT-LP60, uzito umefungwa kiwandani na katriji haibadilishwi ila sindano inachomoka na mpya ni bei nafuu, kwa hiyo mwenye hiyo abadilishe sindano, asafishe santuri zake, pesa iliyobaki aipeleke kwenye spika. Inatosha kabisa, wala asione aibu.

Sasa kazi ya bure, ambayo watu wengi wanairuka. Chukua pimamaji, hata ya kwenye simu, hakikisha pleya imekaa sawa pande zote. Halafu toa kifuniko cha sindano, weka antiskeiti, ile ya kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati, kwenye sifuri, uachie mkono uelee huku ukiuzuia sindano isiguse kitu, zungusha kile kichuma cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, ukishatulia zungusha kile kipete chenye namba tu kisome 0, baada ya hapo zungusha kichuma chote pamoja na kipete mpaka namba ya uzito unaotakiwa na katriji yako. AT-VM95E ni gramu 2, Ortofon 2M Red ni 1.8, zingine utakuta kwenye karatasi yake. Antiskeiti iweke namba hiyohiyo. Ukiwa na kale kamizani kadogo ka dijitali ka kupimia sindano, ambako huko nje ni dola kumi na kitu, hakikisha tena, kwa sababu vipete vya pleya za zamani vinadanganya. Watu wanaogopa uzito mkubwa kwamba utaharibu santuri, ila uzito mdogo mno nao ni hatari vilevile, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuchimba kuta zake, ukisikia herufi s zinachanika kwenye sauti ya mwimbaji hasa nyimbo za karibu na katikati, anza kushuku hapo, na pia shuku kama katriji imefungwa imepinda. Kuna karatasi za bure mtandaoni za kupimia mkao wa katriji unaziprinti, hakikisha tu umeprinti kwa asilimia 100. Mwenye Technics SL-1200 kazi yake ni rahisi zaidi, kutoka pale hedisheli, kile kipande cha mbele kinachofungiwa katriji, inapoungana na mkono hadi ncha ya sindano iwe milimita 52, basi.

Spidi nayo ipime. Weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri kitokeze kidogo, washa taima ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Kwenye spidi ya 33 (yaani 33 na theluthi kwa dakika) iwe mizunguko 100 kamili, kwenye 45 iwe 135. Ukipata 97 au 98 mkanda umelegea au umechoka, badilisha mkanda. Ukipata kama 83 hapo usimlaumu fundi wala mkanda, hiyo ni habari ya umeme, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoliwa pesa.

Umeme wetu Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Japani ni volti 100, upande wa mashariki hezi 50 na magharibi hezi 60. Marekani ni 120 na hezi 60. Sasa muuzaji anakwambia hii ni Mjapani original, chukua na transfoma ya kushushia umeme mambo yatakuwa freshi. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Pleya za mkanda za zamani nyingi mota yake inafuata hezi za umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiileta huku inazunguka polepole kwa sehemu 5 kati ya 6, ndiyo ile 83 yetu, na Mbaraka Mwinshehe anaimba kama ana usingizi. Dawa ipo, ni kubadilisha kile kipuli cha kwenye mota, kigurudumu kinachovuta mkanda, kiwe kinene zaidi, ila kukipata ni shughuli. Pleya za dairekti draivu, zile zisizo na mkanda ambazo mota inazungusha sahani moja kwa moja, zenye kwatzi ya kushika spidi hazijali hezi, hizo transfoma inatosha. Zilizotoka Uingereza, au ulizoletewa na ndugu aliyeko Muscat au Dubai zikiwa zimenunuliwa kwa matumizi ya kule, kwa kawaida unachomeka tu. Na hizi mpya zenye adapta angalia adapta imeandikwa nini kwenye sehemu ya kutoa umeme, kuna zinazotoa DC na kuna zinazotoa AC, usije ukabadilisha moja kwa nyingine kwa sababu kichwa cha waya kimeingia.

Ukimaliza hayo ndio unaingia mfukoni, na cha kwanza ni sindano. Sindano ya mtumba hujui imepita saa ngapi. Audio-Technica wenyewe wanakadiria saa 300 kwa sindano yenye ncha ya eliptiko (umbo la yai), 500 kwa ile ya koni ya kawaida (ncha ya duara), na 1000 kwa maikrolinia (ncha nyembamba zaidi), kwa hiyo pleya iliyokaa kwa mjomba miaka yote ile na watoto wakiichezea, hesabu kwamba sindano imekwisha hata kama inatoa sauti. Iliyokwisha haiharibu sauti tu, inakula santuri yenyewe, na santuri ya mwaka 1975 hakuna pa kuipata nyingine.

Kwenye bajeti hii napenda familia ya AT-VM95, kwa sababu moja kubwa: mwili wa katriji ni mmoja na sindano zote zinaingiliana. Unaanza na ya koni au eliptiko, VM95E huko Marekani ilikuwa kwenye dola 70 hivi kabla ya usafiri na ushuru, mwakani ukipata hela unachomoa sindano tu na kuchomeka ya maikrolinia, hufungui skrubu wala hupimi upya. Ortofon nao 2M Red inapokea sindano ya Blue kwa mtindo huohuo. Sasa uchague ipi? Inategemea santuri zako. Kama nyingi ni zile ndogo za 45 za bendi zetu, zilizotengenezwa Nairobi na kupigwa kwenye mabaa mpaka zikawa na rangi ya majivu, zile ambazo wimbo unakatwa katikati ya gitaa unageuza upande wa pili kuendelea, sioni haja ya kulipia maikrolinia. Wapo wanaosema sindano nyembamba inagusa sehemu ya mfereji ambayo zile za zamani hazikuifikia, na mara nyingine ni kweli, lakini kwa bei yake na hali ya santuri hizo mimi naenda na koni au eliptiko na chenji inabaki. Kama una LP (zile kubwa za 33) safi, hapo ndipo maikrolinia inakulipa.

Na wenye zile nzito za 78 za wazee, enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, jueni zile mfereji wake ni mpana, sindano ya LP inazama chini na kusugua uchafu, mnahitaji sindano yake maalumu. VM95 wanayo, inaishia na herufi SP. Zile msizisafishe na spiriti hata kidogo, alkoholi inayeyusha shelaki, ile gundi ngumu zilizotengenezwa nayo. Za plastiki za kawaida maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri ambayo hayana asidi, na tone la sabuni ya vyombo yanafanya kazi nzuri, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Kwa vumbi letu hili brashi ya kaboni ni lazima, kila upande kabla ya kupiga.

Kinachofuata ni priampu ya fono, lakini usiinunue kwa sababu kila mtu anayo. Katriji inatoa milivolti 5 hivi, kidogo sana, na pia santuri inachongwa besi ikiwa imepunguzwa na treble imeongezwa, priampu ndiyo inayokuza na kurudisha mambo mahali pake. Pleya nyingi za sasa zinayo ndani, kuna swichi nyuma. Amplifaya za zamani nazo zina tundu la PHONO. Unahitaji moja tu kati ya hizo. Ukiwasha zote mbili sauti inavuma na kupasuka halafu mtu anaenda kubadilisha spika bure. Kama huna kabisa, kuna vidude vidogo kama Behringer PP400 ambavyo havizidi bei ya sindano na kwa kuanzia vinafaa. Na ukisikia mvumo usioisha, kabla ya kununua chochote angalia ule waya mwembamba wa ethi umefungwa kwenye amplifaya, tisa kati ya kumi ni huo.

Halafu sabufa. Najua, tunazipenda, kila sebule ina sabufa, na ni kweli unaweza kuchomeka pleya kwenye tundu zake nyekundu na nyeupe ukasikia muziki. Tatizo ni mbili. Moja, sauti za watu na magitaa, ambazo ndizo zenyewe kwenye dansi, zinatokea kwenye vile vispika vidogo vya pembeni visivyo na uwezo. Pili, watu wanaweka pleya juu ya meza ileile yenye sabufa, besi inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inarudisha kwenye sabufa, mpaka inaanza kunguruma. Jaribu hivi: santuri ikiwa imesimama, mota imezimwa, shusha sindano juu yake, ongeza sauti kama unavyosikiliza siku zote, gonga meza kwa kidole. Ukisikia mdundo mzito kwenye spika, hamisha pleya. Rafu ya ukutani ndio bora, au kipande kizito cha marumaru juu ya mpira laini. Mikeka ya bei mbaya na waya za dhahabu achana nazo.

Kwa hiyo laki tano yako ningeigawa hivi: kama laki mbili na kitu kwenye katriji au sindano pamoja na kamizani na brashi, priampu ikiwa tu huna, inayobaki yote kwenye amplifaya na spika mbili za mtumba za stereo, za mbao, zenye wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 5 mpaka 8. Kwenye spika kagua ule mpira wa kuzunguka wufa, kama ni sponji inayomomonyoka ukiigusa shusha bei au ondoka.

Na kama pleya yako ni ya kile kisanduku na lazima ubadilishe, hapo spika zisubiri. Ukienda kwa muuzaji nenda na santuri yako unayoijua, uipige pande zote, hesabu mizunguko yako 100, soma kibati cha nyuma kimeandika volti na hezi ngapi. Mkanda ukiwa umekatika sio tatizo kubwa, sindano kutokuwepo sio tatizo ilimradi katriji ni ya skrubu mbili, mfuniko ndio hata usiuulizie. Ila shika mkono taratibu uutikise kushoto kulia, ukisikia unacheza kwenye bawaba zake mrudishie mwenyewe hata akipunguza nusu ya bei, beringi za pale huku hupati na fundi atakayekwambia anazo atakufungia kitu kingine.